Lango Lililokutwa Wazi

Marit Tollefsen alimjua aliyekuwa anakuja kabla hajaiona sura yake. Pikapu ilikuwa ngeni, nyeupe, yenye namba za Alberta, jimbo la jirani, lakini dereva wake alikuwa ameisimamisha katikati ya barabara ya changarawe, injini inanguruma, eti anamtazama mwewe aliyetua juu ya nguzo ya seng'enge. Katika wilaya nzima hakuna mtu mwingine mwenye wazimu huo. Wengine wana ng'ombe wa kuangalia.

Alikuwa jikoni, mikono imejaa unga, akisukuma lefse, zile chapati nyembamba za viazi ambazo baba yake haoni kuwa Oktoba imefika mpaka azile. Mti wa kusukumia ukamkwama mkononi.

"Nani huyo?" baba yake akauliza kutoka mezani, bila kuinua macho kwenye gazeti.

"Sijui," Marit akasema.

Uongo mwingine tena, na kwa habari za mtu huyu alikwisha kuwa na mazoea nao.

Kupitia dirishani aliiona pikapu ikifika kwenye lango la njia ya nyumbani. Garnet Muirhead akashuka, akafungua lango, akapanda, akavusha gari, akashuka tena, akafunga, akapanda. Kushuka mara mbili na kupanda mara mbili ndiyo kazi ya mtu asiye na abiria. Huku nyikani watoto huijua sheria hiyo kabla hawajaijua alfabeti: anayekaa kiti cha abiria ndiye mwenye malango, awe bibi harusi, awe askofu. Kwa viangazi vitatu kiti hicho kilikuwa cha Marit.

Hodi ilipopigwa, mzee Arvid Tollefsen aliinuka mwenyewe kufungua. Alikuwa na miaka sabini na mbili, mrefu, mgongo umeanza kupinda lakini maneno yake bado yamenyooka.

"Mzee Tollefsen," Garnet akasema, kofia mkononi.

"Garnet Muirhead. Nilidhani umeshafia huko Alberta."

"Bado, mzee."

"Naam. Alberta haimalizi mtu haraka. Humtesa kwanza." Arvid akasogea pembeni. "Ingia, unaingiza baridi. Kahawa ipo."

Garnet akaingia. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, na mvi mbili tatu zilikuwa zimemtokea juu ya sikio la kushoto. Macho yalikuwa yaleyale ya kijivu, yaliyozoea kukaza kwa mbali. Yakatua kwa Marit, yakakaa, yakaondoka kwa haraka kama mkono uliogusa chungu cha moto.

"Hujambo, Marit."

"Sijambo. Kwema?"

"Kwema."

Ndiyo salamu yote. Miaka sita, na hicho ndicho kilichotoka. Marit akageuza lefse kwenye bamba la chuma na kuiunguza papo hapo.

"Sitakaa, mzee," Garnet akasema. "Nimekuja kuomba ruhusa. Leo saa nane wanaliangusha ghala la Skarholt. Baba yangu alilisimamia miaka ishirini na tisa. Picha ya kwanza ya ghala hilo niliipiga kutoka kwenye kilima chako, kule malisho ya mashariki. Ningependa na ya mwisho niipigie palepale."

Malisho ya mashariki. Wote watatu walijua kilichotokea huko.

Msomaji naye ana haki ya kujua. Miaka sita nyuma, Marit na Garnet walikuwa wapenzi wa barabarani. Kila walipopata nafasi walijaza thermosi kahawa, wakafunga mikate ya nyama kwenye karatasi, wakapotelea kwenye barabara za udongo ambazo hata ramani zimezisahau. Walipiga picha maghala marefu ya nafaka yaliyokuwa yakiangushwa moja baada ya jingine, makanisa matupu yenye mbayuwayu madhabahuni, swala wa nyika wanaokimbia sambamba na gari kama wanaotaka kushindana. Walipanga kutoa kitabu. Walipanga na mengine pia, ambayo hayakuhitaji kamera.

Lakini kilichowakutanisha hasa ni bundi. Kuna bundi wadogo huku, hawafiki kimo cha chupa ya maziwa, wanaokaa kwenye mashimo ya ardhini. Kwa wengine bundi ni ndege wa nuksi. Kwa hao wawili alikuwa mshenga.

Jumatano moja ya Julai, Arvid aliondoka kwenda kumzika dada yake mbali kaskazini. Alimwachia Marit maagizo mafupi: visima vya mashariki vimekauka, nimeacha lango la katikati wazi ili ng'ombe wapite kwenda bwawani. Usiliguse. Asubuhi hiyohiyo Garnet alikuja, wakapitia malisho ya mashariki kuwaangalia bundi, kisha wakashika njia ya safari ya siku nne. Jua lilikuwa kali kiasi cha kuyeyusha lami mjini. Jumapili jioni, walipofika nyumbani wakiwa wanacheka, Arvid alikuwa amesimama uani na nguo zake za msibani. Ng'ombe kumi na wanne walikuwa wamelala wamekufa kwenye uzio wa seng'enge, wakielekea upande wa maji. Lango la katikati lilikuwa limefungwa.

"Nani alifunga lango?" Arvid aliuliza. Hakupiga kelele.

Kila mtu nyikani anajua: lango ulilolikuta limefungwa, lifunge, ulilolikuta wazi, liache wazi. Marit aliijua sheria hiyo tangu akiwa na meno ya utoto. Mkono wake ndio uliolifunga, kwa mazoea tu, huku kichwa chake kikiwa kwenye utani wa Garnet na moyo ukiwa kwenye safari. Alilikumbuka papo hapo. Kaka yake alikuwa ameshakataa ufugaji akahamia pwani. Mwezi mmoja tu kabla, baba yake alikuwa amemwambia kwamba ranchi itakuwa yake yeye, mwanamke wa kwanza katika vizazi vinne. Akatazama viatu vyake.

Garnet alimtazama yeye. Kisha akasema, "Ni mimi, mzee."

"Toka kwenye ardhi yangu."

Ndivyo ilivyokwisha. Marit alimfuata hadi kwenye gari, akamshika mkono, akamwambia nipe siku mbili nitamwambia. Garnet alingoja kwa mama yake mjini siku mbili, zikawa wiki mbili, zikawa mwezi. Kisha akaenda zake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Marit ilikuwa imekwenda miaka sita bila kukutana na njia panda.

"Kilima hakijahama," Arvid akasema hatimaye. "Ila tumebadilisha seng'enge. Utapotea. Marit atakupeleka."

Marit aligeuka. "Baba, lefse—"

"Lefse hazina miguu. Nenda."

*

Ndani ya pikapu palinuka kahawa na filamu, harufu ileile. Marit akakaa kiti cha abiria na kukuta kimesogezwa mbele sana, kipimo cha mtu mfupi. Hakuuliza. Mikono yake akaibana katikati ya magoti.

"Bado unatumia filamu?" akauliza baada ya kilomita moja.

"Bado. Wananicheka kazini."

"Wacha wakucheke."

"Ndivyo ninavyowaambia."

Gari la jirani likapishana nao. Garnet akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na jirani naye akainua chake. Huku ndivyo tunavyosalimiana njiani, unayemjua na usiyemjua.

Walipofika kwenye lango la katikati, Garnet akasimamisha gari. Marit akashuka.

Ni lango la waya na vijiti, lenye kitanzi cha chuma kwenye nguzo, na Arvid hulikaza utadhani anafungia simba. Kulifungua si kazi, kulifunga ndiyo kazi: lazima uikumbatie nguzo, uweke bega, uvute kwa nguvu zako zote mpaka kitanzi kikubali. Leo lilikuwa limefungwa. Marit akafungua, pikapu ikapita, akaikumbatia nguzo na kufunga. Kitanzi kilipoingia mahali pake aliupitisha mkono juu yake mara mbili. Miaka sita sasa hakuna lango analolifunga bila kulipapasa mara mbili.

Aliporudi kitini alikuwa na machozi. Garnet akawasha gari kana kwamba hakuona. Alikuwa na adabu hiyo tangu zamani, na siku zote ilikuwa ikimuumiza Marit kuliko matusi.

Kilimani upepo ulikuwa mkali, nyasi zimekwisha kuwa rangi ya shaba. Kule chini, kilomita moja hivi, kilisimama kijiji cha Skarholt: nyumba ishirini, kanisa, na ghala la nafaka, refu, jekundu lililopauka, jina la kijiji bado likisomeka ubavuni. Watu walikuwa wamekuja na viti vyao vya kukunja, wameketi kwa mstari kando ya reli, wamejifunika mablanketi. Unaweza kudhani ni harusi, isipokuwa hakuna aliyekuwa anasogeasogea.

Garnet akaweka miguu mitatu ya kamera yake. Akainama, akainuka, akainama tena.

"Baba yako angesema nini?" Marit akauliza.

"Angesema wanalivuta upande mbaya." Akacheka kidogo. "Alikuwa anasema wakati wa mavuno ghala linapumua. Mimi nilikuwa nalala kule juu, kwenye chumba cha mizani, nasikia ngano ikishuka. Mama akidhani nimepotea."

"Uliniambia."

"Nilikuambia?"

"Kule Robsart. Tulikwama matopeni, tukala mikate yote."

"Wewe ulikula mikate yote."

"Mwongo mkubwa wewe! Nilikula miwili."

"Minne, Marit. Nilihesabu kwa uchungu."

Wakacheka wote wawili, wakaangaliana, na kicheko kikawafia midomoni. Hapo ndipo Marit alipojua kwamba miaka sita haikuwa imeponya chochote. Alimpenda. Alimpenda kwa namna ileile ya kijinga, ya kutaka kumfunga vizuri zipu ya koti asipigwe na upepo.

"Garnet, nataka kukuambia kitu."

"Subiri. Wanaanza."

Tingatinga likausogeza mkono wake kwenye miguu ya ghala. Njiwa wakaruka wote kwa pamoja. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, halafu jengo zima likainama taratibu, kama mzee anayetafuta kiti, likalala. Vumbi la nafaka ya miaka themanini likapanda angani rangi ya dhahabu. Mshindo ukawafikia baadaye, wakati jengo lilikwisha kuwa chini.

Garnet alikuwa amebonyeza mara moja tu. Alibaki ameiinamia kamera. Marit akamwekea mkono mgongoni, na hakuuondoa, naye hakumwambia auondoe.

"Sikumwambia," Marit akasema. "Baba. Mpaka leo sijamwambia."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Ungekuwa umemwambia, ungekuja. Au ungepiga simu." Alisema bila hasira. "Nilikuwa sitoki nyumbani jioni, Marit. Mwaka mzima wa kwanza. Nilikuwa nakaa karibu na simu kama mgonjwa anayengoja majibu."

"Kila siku nilisema kesho."

"Hata mimi nilisema kesho. Kesho atapiga." Akafungua mlango wa pikapu, akatoa bahasha ya khaki iliyochakaa pembeni. "Nimekuletea hii. Ghala nimelijia, lakini na hii pia nimeijia."

Ilikuwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe. Msichana amelikumbatia lango la waya, bega limeegemea nguzo, nywele zimepeperukia mdomoni, anacheka na mtu aliye nyuma ya kamera. Mkono wake wa kulia umeshika kitanzi na kukishusha juu ya kijiti. Nyuma yake, mbali kidogo, ng'ombe wanamtazama.

Marit alikaa chini kwenye nyasi.

"Niliisafisha filamu wiki tatu baadaye," Garnet akasema. "Hata sikukumbuka kuipiga."

"Ulikuwa na ushahidi." Marit akapitisha kidole juu ya picha. "Ungeileta kwa baba siku hiyohiyo. Ungekuwa umesafika."

"Na wewe je?"

"Mimi nilistahili!"

"Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga," Garnet akasema. "Sikutaka iwe ushahidi. Nilitaka wewe useme kwa mdomo wako. Nilikuwa na ujinga huo. Nilitaka kuchaguliwa."

Upepo ukageuza picha mkononi mwa Marit, akaibana kifuani. "Na mbona unaniletea leo?"

Garnet akavuta pumzi. Marit akajua kabla hajasikia. Kiti kilichosogezwa mbele kilikuwa kimeshamwambia.

"Naoa mwezi ujao. Anaitwa Joelle. Ni muuguzi, Medicine Hat. Mtu mwema sana, Marit. Hacheki ovyo, lakini akicheka anamaanisha. Siwezi kuingia na picha hii nyumbani kwake, na kuichoma nimeshindwa. Nimejaribu mara mbili."

Yako maumivu yanayopiga kelele na yako yanayokaa tu. Haya yalikaa. Marit alitikisa kichwa kukubali, akatikisa tena, akaona hawezi kuacha kutikisa.

"Hongera," akasema. "Nasema kweli. Hongera."

"Asante."

"Twende nyumbani. Nina jambo la kufanya, na nataka uwepo."

"Marit, si lazima. Yameshapita."

"Kwako yamepita. Mimi nafunga malango mara mbili mbili kama mwendawazimu. Twende."

*

Arvid alikuwa palepale mezani. Ila lefse zote zilikuwa zimekwisha kusukumwa, nene na zenye pembe kama ramani, ya mwisho ikiwa bado kwenye bamba, na mikono ya mzee ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Limeanguka?" akauliza.

"Limeanguka, mzee," Garnet akajibu kutoka mlangoni.

"Nilisikia. Vikombe vilitikisika."

Marit akaweka picha mezani, mbele ya baba yake. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, na yote yakamtoroka kama kuku waliofunguliwa banda.

"Baba, ni mimi niliyefunga lango. Si Garnet. Nilikumbuka palepale ulipouliza, nikanyamaza. Nikamwacha afukuzwe. Nilikuwa naogopa utasema siwezi kushika ranchi. Hiyo hapo picha, angalia mkono wangu."

Mzee akajifuta mikono taratibu. Akatoa miwani mfukoni, akavaa, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Ulikuwa umependeza," akasema.

"Baba! Angalia mkono!"

"Nimeuona, mwanangu. Niliuona miaka sita iliyopita, tena bila picha." Akavua miwani. "Gari lilikuwa la nani?"

Mzee akajijibu mwenyewe.

"La Garnet. Nani alikuwa anaendesha? Garnet. Sasa tangu lini, katika nchi hii, dereva akashuka kufunga lango na abiria ameketi?" Akamgeukia Garnet. "Na lango lile nililikaza mimi. Wewe kijana, nisamehe, wakati ule ungelifunga kwa meno? Ulikuwa unashindwa hata kufungua chupa ya achari."

Garnet akaitazama mikono yake.

"Kila mtu anajua," Arvid akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Wazee wote wa meza ya kahawa mjini walijua jioni ileile. Hakuna mtu aliyewahi kukaa kwenye pikapu asiyejua. Wanajua, wananipa pole, wanabadilisha mazungumzo."

Marit alishika mgongo wa kiti. Miaka sita alikuwa amebeba mzigo kwa siri, kumbe alikuwa anaupitisha sokoni mchana kweupe na watu wanamwachia njia.

"Ulijua, ukamfukuza?" akasema. "Ulijua, ukaniacha?"

"Nilijiambia nangoja useme mwenyewe. Nilijiambia mtu anayetaka kushika ardhi ajifunze kusema 'ni mimi'." Mzee alisukuma kikombe chake mbele, akakirudisha. "Hiyo ndiyo niliyojiambia. Maneno mazuri, sivyo? Yanafaa kanisani."

Yaliyofuata aliyasema bila kumtazama yeyote.

"Kweli yenyewe ni kwamba kaka yako alikuwa ameondoka. Mama yenu yuko makaburini. Na huyu hapa alikuwa anakuja kila wiki na kamera yake kukuonyesha barabara. Siku ile aliposema 'ni mimi, mzee', nilijua anadanganya, na nilijua kwa nini anadanganya, na nikasema moyoni, haya, asante. Akienda huyu, binti yangu atabaki. Ng'ombe kumi na wanne, nikaona si bei mbaya. Hilo nimekaa nalo."

Kwenye bamba, lefse ya mwisho ilianza kunuka, na Marit akaiondoa kwa vidole, akaungua, asijali.

"Mzee," Garnet akasema hatimaye. "Mimi nilidhani unanichukia."

"Nisingeweza. Hakuna mtu aliyewahi kudanganya kwa ajili ya mtu wangu namna ile." Arvid akainuka, akamnyooshea mkono wenye unga. "Nisamehe, kijana. Najua nimechelewa."

Garnet aliutazama mkono. Marit alimwona anavyopigana na nafsi yake. Kisha akaushika.

"Umechelewa," akakubali. "Lakini nimesikia."

Hakusema amesamehe, na hakuna aliyemlazimisha.

*

Jua lilikuwa limeshuka upande wa Alberta, na Garnet alikuwa na saa tatu za kuendesha. Arvid alimfungia lefse kumi kwenye kitambaa, akamwambia zile zenye pembe ni kazi ya mikono yake mwenyewe, akarudi ndani haraka, mlango ukafungwa.

Marit alipanda kiti cha abiria bila kuulizwa. Hadi langoni ni mita mia tatu tu. Garnet aliendesha polepole sana, polepole kuliko hata anavyoendesha akiona mwewe.

"Kama ningesema siku ile," Marit akaanza.

"Usiniulize hilo."

"Sitakuuliza. Nataka tu ujue ninajiuliza mimi."

Garnet akatazama njia. "Tungekuwa na kitabu," akasema. "Na pengine mtoto mmoja anayelia huko nyuma kwamba amechoka kuangalia bundi."

Marit akacheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo si zuri kwa uso wa mtu yeyote. "Bundi bado wapo. Mwaka huu jozi tatu."

"Kweli?"

"Kweli. Mlete Joelle awaone. Mwezi wa sita."

"Labda," Garnet akasema, na wote wawili walijua kwamba hatamleta.

Pikapu ikasimama langoni. Marit akashuka. Akatoa kitanzi, akaliburuta lango kando, akasimama pembeni na upepo ukimpiga usoni. Garnet akavusha gari taratibu.

Halafu akasimama.

Dereva yeyote husimama hapo, lango likishavukwa. Humngoja abiria wake afunge, arudi, apande, safari iendelee. Mguu wa Garnet ulikanyaga breki kwa mazoea, kama mkono wa Marit ulivyofunga lango kwa mazoea mwaka ule. Taa nyekundu za nyuma ziliwaka. Mlango wa abiria ulikuwa pale, hatua kumi. Marit alimwona kwenye kioo cha pembeni, macho yale ya kijivu, na akaona kwamba Garnet naye amegutuka kuona alichokifanya, lakini hakuondoa mguu.

Hatua kumi. Aliziangalia moja moja. Angeweza kuzitembea, na angekuta mlango haujafungwa kwa ndani. Na huko Medicine Hat kulikuwa na mwanamke mfupi, asiyecheka ovyo, aliyesogeza kiti mbele ili aone barabara vizuri, ambaye hakuwahi kumfanyia Marit Tollefsen ubaya wowote.

Lango hili alilikuta limefungwa. Akalivuta. Akaikumbatia nguzo, akaweka bega, akavuta kwa nguvu zake zote, na kitanzi kikaingia. Alikuwa upande wa ndani.

Taa nyekundu zikakaa kidogo zaidi. Kisha zikazimika, na pikapu ikaanza kwenda, changarawe zikilia chini ya matairi. Marit aliinua mkono wote, akaupunga juu kabisa.

Kupitia kioo cha nyuma cha gari aliona kidole kimoja kikiinuka kutoka kwenye usukani, salamu ya njiani, ile anayopewa mtu yeyote. Akalipapasa lango mara moja, akarudi nyumbani.